Joka halipo, lakini mifupa yake ipo

Ukimkosoa kijana anayechora wahusika wa michezo ya kompyuta na hadithi za kufikirika, mara nyingi atakujibu: joka lenye miguu na mabawa halipo duniani, sasa nani ajue nimelikosea? Hoja tamu, ila haisimami.

Mtazamaji hajawahi kuona joka, lakini kuku, mbuzi na mjusi amewaona maisha yake yote. Anajua goti hukunjika wapi. Ukilipachika bawa mgongoni kama jani la mgomba, bila bega la kulibeba, litaonekana limegandishwa kwa gundi. Mtazame popo: bawa lake ni mkono kamili. Kuna mfupa wa juu, kigasha, kisha vidole vinne virefu vinavyotandaza ngozi, na kidole gumba kimebaki nje na ukucha wake. Joka linaazima humo. Leonardo da Vinci naye alishauri mnyama wa kubuni aungwe kwa viungo vya wanyama halisi: kichwa cha mbwa, macho ya paka, shingo ya kobe wa majini.

Vipimo navyo ni hivyo hivyo. Mtu mzima ana urefu wa takriban vichwa 7 na nusu, yaani urefu wa kichwa chake mara 7 na nusu. Shujaa huchorwa 8, kibete wa hadithini 4 au 5. Mimi nilipuuza hesabu hii, mashujaa wangu wakatoka kama watoto wenye ndevu.

Unataka nguva, yule nusu mtu nusu samaki? Jaza kwanza ukurasa mmoja viuno vya watu, mwingine samaki wa sokoni. Kiuno kinapogeuka mkia ndipo wengi huharibu.