Meya wa Marekani hana ubavu unaodhaniwa

Wengi huamini kwamba jiji la Marekani lina haki zake mbele ya jimbo, kama jimbo lilivyo na haki zake mbele ya serikali kuu. Sivyo. Katiba ya nchi hiyo haitaji miji hata mara moja.

Mwaka 1868 jaji John Dillon wa Iowa alieleza kuwa mji una yale mamlaka tu uliyopewa na jimbo. Mwaka 1907 Mahakama Kuu ya nchi ilikubaliana na mawazo hayo: wakazi wengi wa Allegheny walipinga mji wao kumezwa na Pittsburgh, lakini sheria ya Pennsylvania iliruhusu, basi ukamezwa.

Fedha ndiko kunakouma zaidi. Texas ilipitisha sheria mwaka 2019: jiji kubwa likitaka mapato ya kodi ya ardhi na majengo yaliyokuwepo yapande zaidi ya asilimia 3.5 kwa mwaka, liwaombe kwanza wapiga kura. Awali kikomo kilikuwa asilimia 8. Mishahara ya polisi na bei ya lami, bila shaka, hazikuwekewa kikomo.

Ni kweli majimbo mengi, kuanzia Missouri mwaka 1875, yameruhusu miji ijiandikie hati za kujitawala. Hata hivyo, hati hizo mara nyingi hazizuii mkono wa bunge la jimbo. Birmingham ilipoamua kima cha chini cha mshahara kiwe dola 10.10 kwa saa, jimbo lake la Alabama lilikifuta kwa sheria Februari 2016.