Chanjo Imeshika? Dhana Potofu Kuhusu Kupima Damu ya Mifugo kwa Mwanga

Kampeni ya chanjo ikishapita, swali bomani ni moja: imeshika? Mfugaji ametoa fedha yake, ameamka alfajiri kukusanya ng'ombe, ndama wamepigwa sindano kwenye kibanio huku wakirusha mateke. Ana haki ya kujua. Kwa miaka mingi jibu limetoka maabara, kwa kipimo cha ELISA, kinachonasa kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na kimelea, au kile cha kukutanisha seramu, majimaji ya damu yanayobaki damu ikishaganda, na virusi hai kuona nani atamshinda mwenzake. Sasa watafiti wanajaribu njia nyingine, spektroskopia: tone la seramu linakaushwa, linamulikwa kwa mwanga wa infraredi, kisha kompyuta inasoma ni mwanga upi umemezwa na kwa kiasi gani. Kazi ya dakika chache.

Naipenda njia hii na natamani ifike vijijini. Ndiyo maana yananiuma yanayosemwa juu yake, ya kuikweza na ya kuiogopa pia.

"Mashine inaziona kingamwili za chanjo"

Haizioni hivyo. Vifungo vinavyoshika atomi ndani ya molekuli hutikisika, kila kimoja kwa kasi yake, na mwanga wa infraredi unaolingana na kasi hiyo humezwa. Protini hujitokeza kwenye mawimbi karibu 1,650 na 1,550 kwa sentimita, mafuta kati ya 2,800 na 3,000. Lakini hiyo ni sauti ya protini zote zikiimba pamoja. Lita moja ya seramu ya ng'ombe mwenye afya ina takriban gramu 60 hadi 80 za protini. Sehemu kubwa ni albumini, na zinazofuata ni kingamwili za kila vita alivyowahi kupigana mnyama huyo: minyoo, kupe, kidonda cha kwato cha mwaka jana. Kingamwili za chanjo ya mwezi uliopita ni sauti ndogo ndani ya kwaya hiyo.

ELISA hufanya kazi kwa namna tofauti kabisa. Chini ya kila kitundu cha sahani yake kumebandikwa kipande cha kimelea chenyewe, na kingamwili inayokifahamu ndiyo inayokinasa. Nyingine zote huoshwa na kumwagwa. Spektroskopia ya kawaida haina ndoano hiyo.

Basi inasoma nini? Inasoma mabadiliko ya jumla. Albumini imejengwa kwa misokoto mingi, ilhali kingamwili zimejengwa zaidi kwa mikunjo bapa, kwa hiyo kingamwili zikiongezeka umbo la kilima cha 1,650 hubadilika kidogo na kuelemea 1,640. Tena kuna protini za dharura ambazo ini hutoa mwili unaposhtuka. Haptoglobini, kwa mfano, karibu haipatikani kabisa katika ng'ombe mzima, halafu hupanda kwa kasi kubwa anapopata uvimbe au maambukizi. Mashine inaweza kuona mshtuko huo. Lakini chanjo hushtua, ugonjwa wa kiwele hushtua, na kuzaa kwa shida hushtua pia. Ni kazi ya binadamu kutenganisha visababishi hivyo kabla ya kuamini jibu.

"Imepatia asilimia 95, basi tuinunue"

Hapa ndipo ningependa tukae zaidi, kwa sababu hapa ndipo watu waaminifu hujidanganya.

Mashine haizaliwi ikijua chanjo. Hufundishwa: unaipa sampuli za ng'ombe ambao ELISA au kipimo kingine kimeshathibitisha kuwa chanjo imeshika, na za wale ambao haikushika, nayo inatafuta tofauti. Kila sampuli inakuja na vipimo zaidi ya elfu moja, kimoja kwa kila wimbi. Ukiwa na namba elfu kwa kila mnyama na wanyama 60 tu, hutakosa wimbi fulani litakalofuatana na chanjo kwa bahati tupu. Kompyuta italishika wimbi hilo na kukupa alama nzuri sana.

Kuna mtego mbaya zaidi. Tuseme ng'ombe waliochanjwa wametoka bonde lenye majani mabichi, na wasiochanjwa wametoka upande mkavu. Damu ya mnyama aliyeshiba na ya mnyama mwenye njaa haifanani kwa mafuta, kwa urea wala kwa protini. Kompyuta haijui kwamba ulitaka ijifunze chanjo. Itajifunza majani. Ndivyo inavyokuwa pia damu ya kundi moja ikikaa juani saa tatu na ya kundi jingine ikafika kwenye barafu mapema, au sampuli zote za waliochanjwa zikipimwa Jumatatu na zilizobaki Ijumaa. Na ukipima tone la ng'ombe yuleyule mara tatu, kisha mara mbili ukazitumia kufundishia na moja kujaribia, umempa mwanafunzi mtihani wenye majibu.

Kwa hiyo swali la kumuuliza anayekuuzia kifaa si asilimia ngapi. Muulize: mliijaribu kwa kundi ambalo haikuwahi kuliona, la kijiji kingine, msimu mwingine, mbegu nyingine ya ng'ombe? Asiye na jibu hilo hana bidhaa bado.

Hata asilimia 95 ya kweli inataka hesabu. Chukua ng'ombe 1,000. Chanjo imeshika kwa 900 na haikushika kwa 100. Mashine inayopatia mara 95 kati ya 100 kwa pande zote mbili itawanasa 95 ambao haikushika, na itawaonea 45 ambao ilishika. Utaambiwa uwachanje tena 140, na karibu theluthi yao hawakuhitaji. Kwa kukadiria hali ya wilaya nzima, kosa hilo linarekebishika kwa hesabu. Kwa kumwambia mzee mwenye ng'ombe sita kwamba huyu na yule ndio hawana kinga, sikubali.

"Kutoa damu kunamdhoofisha mnyama, na mionzi itamdhuru"

Ng'ombe wa kilo 300 ana damu ya lita 16 hivi au zaidi. Sampuli ni mililita 10. Wamaasai wamekuwa wakichoma mshipa wa shingo kwa mshale butu na kukinga damu ya kunywa kwa vizazi vingi, na ng'ombe anarudi malishoni. Mionzi nayo haimgusi mnyama. Inamulika tone lililokauka mezani, na infraredi ni joto lilelile unalolisikia ukikaa karibu na jiko la mkaa.

"Jibu likiwa ndiyo, mnyama amekingika"

Kingamwili kuwepo ni jambo moja, kinga ni jingine. Ugonjwa wa miguu na midomo una aina saba za virusi, na kinga ya aina moja haimwokoi mnyama kwa nyingine. Afrika Mashariki tunahangaika na O, A, SAT 1 na SAT 2. Ng'ombe anaweza kuwa na kingamwili tele za O na akaanguka kwa SAT 2, huku mwanga ukionyesha damu iliyojaa kingamwili.

Kwa ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, ni tofauti kubwa zaidi. Chanjo iliyobuniwa Muguga nchini Kenya humpa ng'ombe vimelea hai pamoja na dawa ya antibiotiki, oksitetrasaikilini ya kudumu mwilini, naye huugua kidogo na kupona akiwa na kinga. Wanaomlinda baada ya hapo ni askari wa damu, seli T, zinazoua seli zilizovamiwa. Kingamwili zake kwenye seramu hazitabiri vizuri nani atapona. Kwa chanjo hiyo, kipimo chochote cha seramu, kiwe cha mwanga au cha kemikali, kinachungulia dirisha lisilo lake.

"Itatutenganishia aliyechanjwa na aliyeugua"

Inategemea chanjo kuliko kifaa. Chanjo ya miguu na midomo iliyosafishwa vizuri huwa haina zile protini ambazo virusi huzitengeneza vinapozaliana, hivyo mnyama mwenye kingamwili dhidi ya protini hizo ameambukizwa. Kipo kipimo cha ELISA kwa ajili hiyo. Lakini chanjo inayotumika sana dhidi ya sotoka ya mbuzi na kondoo ni ya virusi hai vilivyodhoofishwa, na kingamwili zake hazitofautiani na za mgonjwa aliyepona.

Tuliona uzito wa jambo hili kwenye sotoka ya ng'ombe. Chanjo iliyoimaliza ilitengenezwa na Walter Plowright na wenzake hukohuko Muguga, nayo haikuacha alama ya kumtofautisha aliyechanjwa. Nchi zililazimika kuacha kuchanja, kisha kupima wanyama waliozaliwa baadaye, ili kuthibitisha kuwa ugonjwa haupo. Mara ya mwisho ulionekana Kenya mwaka 2001, na dunia ikatangazwa huru mwaka 2011. Sotoka ya mbuzi na kondoo imewekewa lengo la kutokomezwa ifikapo 2030, na mwanga hautaturukisha hatua hiyo ya subira.

"Haihitaji maabara"

Inahitaji kidogo, na kidogo hicho ni kigumu. Maji humeza infraredi karibu na 1,640, palepale penye protini, ndiyo maana tone hukaushwa, na likikauka vibaya protini hukimbilia ukingoni na kuacha pete. Damu ikitikiswa njiani kwenye pikipiki, chembe nyekundu hupasuka na himoglobini kuichafua seramu. Lakini kwamba kazi hii inawezekana kwetu si ndoto: watafiti wa Taasisi ya Afya ya Ifakara, Tanzania, walichapisha mwaka 2019 utafiti wa kutambua malaria kwa kumulika matone ya damu ya watu yaliyokaushwa kwenye karatasi.

"Damu ichukuliwe mara moja, baada ya chanjo"

Hii ndiyo ningeiondoa kwanza, kwa sababu ni rahisi na inapoteza mengi. Kuchukua damu siku ya tatu ni kupima mshtuko wa sindano. Kwa miguu na midomo, subiri wiki nne hivi. Ndama anayenyonya ana kingamwili alizopewa na mama yake kwenye dang'a, asichanganywe na wengine. Na chukua damu ya kwanza asubuhi ileile ya chanjo, kabla ya sindano, andika namba ya hereni, kisha mrudie ng'ombe huyohuyo baada ya wiki hizo nne. Hapo analinganishwa na nafsi yake: mbegu ileile, umri karibu uleule, boma lilelile. Kelele nyingi za majani na minyoo hupungua, na sauti ndogo ya chanjo inapata nafasi ya kusikika.