Mwandishi, litunze jina lako kuanzia ukurasa wa hakimiliki

Msomaji anapofika kwenye meza yetu ya maktaba hapa Kisumu akiulizia "kile kitabu kingine cha yule mwandishi", mimi hutafuta jina la mtu kwanza. Hapo ndipo hujua kama mwenyewe alilitunza au alilitawanya. Yupo bwana mmoja mwenye vitabu vitatu. Cha kwanza kina jina lake la ubatizo na la baba, cha pili kina herufi mbili za mwanzo, cha tatu kina jina la babu. Katika katalogi amekuwa watu watatu, na aliyekipenda kitabu kimoja havifikii vile vingine.

Huku magharibi shida hii ni kubwa zaidi kwa sababu ya namna tunavyoitana. Otieno alizaliwa usiku, Wafula wakati wa mvua, Wekesa wakati wa mavuno. Kila kijiji kina wake, na wengi wametanguliziwa John au Peter. Kwa hiyo kabla mswada haujaenda kwa mpiga chapa, litafute jina lako kwenye katalogi na kwenye intaneti. Ukikuta mwandishi mwingine analitumia, ongeza la babu. Ukishachagua, usibadilishe hata herufi moja: jaladani, ukurasa wa hakimiliki, makala ya gazeti, hata barua ya kuomba kuzungumza na wanafunzi.

Jambo linaloniuma zaidi ni ISBN, yaani nambari ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu, iliyobuniwa au kuazimwa. Nchini mwetu nambari hizi hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Taifa, KNLS. Tangu 2007 zina tarakimu 13, na za Kenya utaziona zikianza kwa 978-9966 au 978-9914. Tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi. Zile 12 za mwanzo huzidishwa kwa 1 na kwa 3 kwa zamu, majibu yakajumlishwa. Ukiongeza ya mwisho, jumla lazima igawanyike kwa 10. Anayebuni ana nafasi moja tu kati ya kumi ya kupatia, na kompyuta hugundua mara moja. Anayeazima ya kitabu kingine hupita hesabu, lakini muuza vitabu akiitafuta, anaona kitabu cha mtu mwingine. Baada ya hapo ni nani atakayeagiza nakala kwako tena? Kumbuka pia kwamba kitabu cha karatasi na kile cha kielektroniki kila kimoja kina nambari yake. Ukiandika upya sehemu kubwa ya kitabu, omba nambari mpya; ukichapisha tena vilevile, ile ya zamani yatosha.

Wengi hudhani ISBN ndiyo hakimiliki. Sivyo. Hakimiliki ni yako tangu kazi ilipoandikwa, na kwa sheria ya Kenya hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufariki. Kuisajili kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, kunakupa ushahidi pakizuka mzozo.

Na wewe pia heshimu cha wenzako. Ikiwa ngano zako ulisimuliwa na bibi mmoja kule Vihiga, mtaje kwenye shukrani kwa jina analotaka. Nimeona mzee akishika kitabu, akasoma jina lake polepole, kisha akakipeleka mwenyewe kanisani kuwaonyesha watu.

Mhariri awe mtu mwingine, si wewe wala rafiki yako anayekuogopa. Makosa ya chapa ya kwanza yarekebishe kabla ya kurudi kwa mpiga chapa, walimu huyakumbuka.

Yule bwana wa majina matatu sasa anaandika kitabu cha nne, na amechagua jina moja. Sisi tumeziunganisha rekodi zake kwenye katalogi, ili atakayetafuta kimoja avione vyote. Nakala zilizokwisha kuuzwa bado zina majina yale ya zamani.