Palestino: timu ya Chile yenye ramani mgongoni

Nikitaja Club Deportivo Palestino, swali la kwanza huwa moja: kwani wachezaji wake ni Wapalestina? La. Wengi ni Wachile kama wa timu nyingine yoyote ya Santiago. Nimezoea kuchimba historia za vilabu vya wahamiaji, na hii hunivutia kwa sababu upalestina wake umekaa zaidi kwenye jezi kuliko kwenye damu ya wanaoivaa.

Waanzilishi walitoka miji ya Palestina ya Bethlehem, Beit Jala na Beit Sahour, wengi wao Wakristo. Baadhi waliondoka wakikwepa kuingizwa kwenye jeshi la dola ya Uthmaniya, ya Waturuki, iliyotawala kwao wakati huo. Walipofika Chile na pasi za dola hiyohiyo, wenyeji wakawabandika jina la "turcos", Waturuki! Lilikuwa tusi, na waliobandikwa hawakulisahau.

Riziki yao ilikuwa uchuuzi wa mtaa kwa mtaa, kisha maduka ya vitambaa, hatimaye viwanda. Cha familia ya Yarur kilifunguliwa Santiago mwaka 1937. Klabu yenyewe ilizaliwa Osorno, kusini, tarehe 20 Agosti 1920, ikachukua rangi za bendera: nyekundu, nyeupe, kijani na nyeusi.

Ilipoingia soka la kulipwa mwaka 1952, fedha za wafanyabiashara hao zilisajili wachezaji wa maana bila kuuliza babu zao walitoka wapi. Wapinzani wakawaita "Millonarios", mamilionea. Ubingwa ulikuja 1955, wa pili 1978, chini ya nahodha Elías Figueroa. Kikosi hicho kilicheza mechi 44 za ligi bila kupoteza hata moja, na kwangu mimi ndicho bora kabisa walichowahi kuwa nacho.

Januari 2014 tarakimu 1 mgongoni ilichorwa kwa umbo la ramani ya Palestina ya kabla ya 1948, yaani kabla ya Israel kuundwa. Mwenye namba 11 alibeba ramani mbili. Malalamiko yakafika shirikisho, klabu ikapigwa faini na kuamriwa iibadili. Jezi hiyo ikawa inatafutwa na watu ambao hawajawahi kukanyaga Chile.

Na safari imeshageuka upande wa pili. FIFA ilipoipokea Palestina mwaka 1998, waliokuwa wakiunda timu ya taifa walikwenda kutafuta wachezaji Chile. Beki Roberto Bishara wa Palestino, mzaliwa wa hukohuko, akaichezea nchi ya wazee wake.