Mkulima mdogo kasamehewa nini hasa?

Huku Tanga, ukikaa na watu wanaoshusha mboga za Lushoto pale soko la Mgandini, au na wakulima wa Muheza wanaotafuta soko la nje, hutakaa sana kabla hujaambiwa kuwa Marekani mkulima mdogo kasamehewa sheria ya usalama wa chakula, hakaguliwi. Habari hii ina ukweli ndani yake, ila imefika nusu. Nusu iliyokosekana inaweza kumtia mtu hasara au kumlaza mtoto hospitali, ndiyo maana nimeona niiandike.

"Mkulima mdogo hana sheria inayomgusa"

Sheria ya Marekani ya usalama wa chakula ilisainiwa na Rais Obama Januari 2011, na kanuni za mboga na matunda zikakamilishwa mwaka 2015. Jon Tester, seneta wa jimbo la Montana wakati huo, ambaye naye ni mkulima, alipigania wadogo wasibebeshwe mzigo uliotengenezwa kwa ajili ya makampuni makubwa. Kwa maoni yangu alifanya jambo la haki.

Msamaha wenyewe una ngazi mbili. Shamba ambalo mauzo yake ya mboga na matunda, kwa wastani wa miaka 3, hayazidi dola 25,000 kwa mwaka haliguswi na kanuni hizo. Kiwango hicho hurekebishwa kufuata mfumuko wa bei. Kwa pesa yetu ni zaidi ya shilingi milioni 50, kwa hiyo wakulima wengi tunaowajua wangeingia humo. Ngazi ya pili ni ya shamba linalouza chakula cha chini ya dola 500,000 kwa mwaka, na zaidi ya nusu ya mauzo hayo yanakwenda moja kwa moja kwa mlaji, au kwa mgahawa na duka lililo ndani ya jimbo hilohilo au umbali usiozidi kilomita 440 hivi. Ni mbali kuliko Tanga hadi Dar es Salaam. Ila aliyevuka dola 25,000 na mzigo wake mwingi anaukabidhi kwa madalali, hapati kitu hapo.

Tena wa ngazi ya pili lazima atunze kumbukumbu za mauzo, na jina la shamba na anuani yake vionekane pale anapouzia. Mlipuko wa ugonjwa ukifuatiliwa ukaishia shambani kwake, msamaha unaweza kuondolewa.

"Bamia wameiacha kwa sababu ni zao la wanyonge"

Hapana. Bamia, bilinganya, viazi na tangawizi zimeachwa nje ya kanuni kwa sababu ni nadra kuliwa mbichi. Ukubwa wa shamba hauhusiki.

"Cha shamba dogo, cha jirani, hakina madhara"

Hii ndiyo inayoniumiza, maana inasemwa kwa nia njema. Mwaka huohuo wa 2011, jimboni Oregon, stroberi za shamba moja la familia ziliuzwa kwenye vibanda vya barabarani na masoko ya wakulima. Watu waliugua kwa bakteria wa E. koli aina ya O157, na mwanamke mzee akafariki. Walipochunguza, bakteria huyo alikutwa kwenye kinyesi cha kulungu waliokuwa wakiingia shambani.

Kwetu kulungu si tatizo kubwa. Tatizo ni samadi na maji. Tazama mchicha unavyoandaliwa: mafungu yakishafungwa huchovywa kwenye mfereji ili yafike sokoni majani yakiwa bado yanang'aa, na juu ya mfereji huohuo ng'ombe wanakunywa. Mchicha angalau utapikwa. Saladi, giligilani na nyanya za kachumbari haziguswi na moto kabisa. Wakulima wa kilimo hai Marekani, wakubwa kwa wadogo, hupisha siku 120 kati ya kutia samadi mbichi na kuvuna zao ambalo sehemu yake ya kuliwa inagusa udongo, na siku 90 kwa lisilogusa. Kusubiri huko hakuhitaji mtaji.

"Msamaha unahusu na dawa"

Kanuni hizi zinahusu vimelea vya magonjwa: maji, mbolea ya wanyama, mikono ya wachumaji, vifaa. Mabaki ya viuatilifu yana sheria nyingine, na viwango vyake havitazami ukubwa wa shamba. Nyanya iliyofika sokoni ikiwa na madoa meupe ya dawa haijasamehewa popote. Siku za kusubiri kati ya kupulizia na kuvuna zimeandikwa kwenye lebo ya chupa.

"Basi nasi tukiuza Marekani tumesamehewa"

Kwanza Marekani huamua ni tunda gani, kutoka nchi gani, linaruhusiwa kuingia, kwa hofu ya wadudu waharibifu. Pili, hata kama mauzo yako yako chini ya dola 25,000, mwagizaji wa kule anatakiwa apate hakikisho la maandishi kutoka kwako kabla ya kuingiza mzigo, na tena kila baada ya miaka 2. Karatasi itakufuata hadi Muheza.

"Hapa nyumbani TBS haina habari na wadogo"

Tangu 2019 usimamizi wa usalama wa chakula umetoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) ukaenda Shirika la Viwango (TBS). Anayesindika achari ya embe kwa kiwango kidogo, akiwa na barua ya utambulisho kutoka SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, hupata nafuu ya ada za alama ya ubora. Nafuu ni ya ada tu. Achari yenyewe bado inapelekwa maabara kupimwa.