Mtoto Wako Ana Sikio: Wimbo Umeuanzia Chini Mno

"Mwalimu, huyu hata usihangaike naye. Hana sikio la muziki, amemrithi babu yake."

Maneno haya nimeshaambiwa kwa simu na nimeambiwa mlangoni pa darasa. Mara ya mwisho niliambiwa mtoto mwenyewe akiwa amesimama hapo hapo, kaushika mkono wa mama yake, anasikia kila neno. Ana miaka 5. Nafundisha muziki watoto wa miaka 3 hadi 8, na kama kuna dhana moja ningeweza kuing'oa leo na mizizi yake, ni hii. Nyingine nitazigusa huko mbele. Kwa hii nitakaa kidogo.

"Mwanangu hana sikio"

Hali ya kweli ya kutotambua vimo vya sauti, yaani wembamba na unene wake, ipo. Wataalamu huiita amusia. Mwenye amusia ya kuzaliwa husikia maongezi bila shida, ila mahadhi mawili tofauti yanaweza kumpita kama kitu kimoja. Isabelle Peretz wa Montreal ameichunguza hali hiyo kwa miaka mingi, na makadirio aliyoyachapisha na mwenzake mwaka 2017 ni kwamba walio nayo ni kama 1.5% ya watu. Katika watoto 100, basi, mmoja au wawili. Kwa hesabu ya wazazi wanaonijia, ingekuwa karibu nusu ya darasa. Haiwezekani.

Kinachochanganywa hapa ni mambo mawili: kusikia kimo na kukitoa kwa koo. Sikio huwahi sana. Mtoto wa miezi 6 hutambua wimbo aliouzoea hata ukiimbwa kwa ufunguo mwingine, jambo ambalo limepimwa maabara. Bado hajaanza kutembea, na tayari anajua kwamba wimbo ni uleule ingawa kila noti imehama. Linalochelewa ni koo. Nyuzi za sauti mtoto hazioni, hawezi kuzishika, wala hakuna atakayemwekea mkono juu ya mkono kama anavyofundishwa kushika penseli. Akiandika "a" iliyopinda, anaiona. Akiimba noti iliyopinda, hana cha kumwambia isipokuwa sikio lake, tena huku wenzake 20 wanaimba kwa pamoja.

Halafu mambo haya yana mpangilio wake. Mtoto hushika maneno kwanza. Kisha mapigo. Kisha umbo la mahadhi, yaani hapa yanapanda, hapa yanashuka. Vimo vyenyewe sawasawa huja mwisho. Kwa hiyo mtoto wa miaka 4 anayetamka maneno yote bila kosa huku mahadhi yakiyumba hajaharibikiwa. Yuko njiani, katikati kabisa ya njia. Wengi wakifika miaka 7 au 8 wanakuwa wameshashika tuni, endapo wameimbiwa na wameachwa waimbe. Hilo "endapo" nalipigia mstari.

Sasa nije kwenye kosa letu wakubwa, ambalo ndilo linaloniuma kuliko yote: tunaanzisha wimbo chini mno. Sauti ya mtoto mdogo hukaa raha kati ya re iliyo jirani na do ya katikati ya kinanda, na la inayofuata kwa juu. Kwa vipimo, ni kama hezi, yaani mitetemo kwa sekunde, 294 hadi 440. Baba akiimba kwa sauti yake ya kawaida huwa oktava nzima chini ya hapo, nusu ya hezi hizo. Akina mama wengi nao, wakiimba kwa sauti ileile wanayoongelea, huanzia chini ya do ya katikati. Mtoto anajitahidi kuwafuata, anashuka, anafika sakafuni mwa sauti yake na hana pa kushukia tena. Anabaki ananguruma kwenye noti moja. Noti hiyo ndiyo mnayoniletea mkisema hana sikio.

Yule wa mlangoni nilimketisha mbele yangu juma lilelile. Nikamwimbia so-mi, noti mbili za do-re-mi, ya pili ikishuka kidogo, kwa silabi ya "lu", kwa sauti ya wastani. Akajibu kwa noti moja nzito, chini kabisa, mara mbili. Sikumsahihisha. Nilimwomba aanze yeye, aimbe "lu" yoyote anayoitaka, nami nikamfuata kwenye noti yake mwenyewe. Akanyamaza, akanitazama. Sauti mbili zikiwa zimekosana kidogo huwa kuna mtetemo wa kupigana hewani. Zikilingana, mtetemo ule unatulia, na mtoto huuhisi utulivu huo kabla hujamweleza chochote. "Tena," akasema. Tukarudia.

Kisha tukacheza king'ora: "uuuu" kutoka chini, kupanda bila kukatika hadi juu anakoweza, halafu kuteremka. Alipofika juu nikaisikia sauti nyingine kabisa, nyepesi, ambayo hakuwahi kuimbia hata siku moja. Nikamwambia abaki huko huko. Nikaimba so-mi kuanzia pale. So aliipata mara ya tatu. Mi ilimsumbua hadi juma lililofuata. Kikao chote cha siku ile kilichukua dakika kama 10, na nilichokibadilisha ni mahali wimbo ulipoanzia.

Kwa hiyo kabla hujamwita mtu mtaalamu, fanya haya. Panda wewe. Anzisha wimbo mahali unapopaona juu kidogo, hata kama koo lako halijazoea. Baba asiyeweza kupanda na aimbe kwa ile sauti nyembamba ya kuigiza, mtoto ataipata kwa urahisi zaidi kuliko ile ya kifuani. Imba kipande kifupi, kisha nyamaza kabisa ili mtoto aimbe peke yake. Ukiendelea kuimba juu yake unamfunika na hajisikii. Mfundishe kukunja kiganja kutoka mdomoni hadi sikioni, kama ameshika mkono wa simu, ili sauti yake imrudie. Katika mazoezi yangu yote, hili la kiganja ndilo nisingekubali kunyang'anywa.

Na tafadhali, mtoto asiambiwe achezeshe midomo tu. Mimi niliambiwa hivyo nikiwa darasa la pili, siku ya wageni, na mwalimu aliyetaka kwaya isikike safi. Nilichezesha midomo. Ilinichukua miaka mingi kutoa sauti mbele ya watu tena. Mtoto anayenyamazishwa ananyimwa kitu pekee kinachoweza kumrekebisha, nacho ni kuisikia sauti yake ikitafuta.

"Imba kwa nguvu, tukusikie!"

Hapa lugha yetu inatutega. Siku nzima mtoto anaambiwa asiongee kwa sauti ya juu, ashushe sauti, apandishe sauti hatusikii. Kwake juu ni kelele, chini ni upole. Kisha anakuja kwangu, namwambia "hapa mahadhi yanapanda juu", naye anapiga ukelele wa kupasua masikio. Hajakosea Kiswahili hata kidogo. Mimi ndiye niliyetumia neno moja kwa mambo mawili.

Lakini lugha hiyohiyo inayo dawa. Tuna sauti nyembamba na sauti nene, na hakuna mtoto asiyejua kwamba ya mbu ni nyembamba na ya fahali ni nene. Maneno haya pia yanaendana na vyombo vyenyewe. Kwenye kinanda hakuna juu wala chini, kuna kulia na kushoto. Kwenye gitaa uzi wenye sauti nyembamba ndio ulio karibu zaidi na sakafu, na kumwambia mtoto kwamba huo ndio wa juu ni kumchanganya bure. Ila ukimwambia uzi mwembamba una sauti nyembamba na uzi mnene una sauti nene, anaangalia, anaukwanyua, anakubali.

Basi mimi huanza na unene kwa miezi kadhaa, na nauchanganya makusudi na ukubwa, yaani nguvu ya sauti: nyembamba na kubwa, nyembamba na ndogo, nene na kubwa, nene na ndogo. Hiyo ya pili, nyembamba lakini ndogo, ndiyo inayowatatiza, na ndiyo nairudia zaidi, kwa sababu siku mtoto anapoweza kuimba kwa wembamba bila kupiga kelele, ndipo anapoipata ile sauti nyepesi ya juu. Kelele huikaba sauti kifuani, isipande.

Neno "juu" nalileta baadaye, na nalileta kwa mkono. Ishara za mikono za do-re-mi zilisambazwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19, na mafundisho yaliyotokana na Zoltán Kodály wa Hungaria yakazichukua. Do ya chini huwa usawa wa kiuno, do ya juu usawa wa paji la uso. Mwili ukishapanda, neno halidanganyi tena.

"Namwekea Mozart kila usiku, aongezeke akili"

Utafiti ulioanzisha habari hizi ulitoka mwaka 1993 katika jarida la Nature. Waliopimwa walikuwa wanafunzi 36 wa chuo kikuu. Walisikiliza sonata ya Mozart kwa dakika 10, wakafanya vizuri zaidi kwenye maswali ya kufikiria maumbo, na faida hiyo ikayeyuka ndani ya robo saa hivi. Hapakuwa na mtoto hata mmoja. Hata hivyo, mwaka 1998 gavana wa Georgia nchini Marekani, Zell Miller, aliomba dola 105,000 za bajeti ili kila mtoto mchanga wa jimbo lake apewe muziki wa namna hiyo. Mwekee Mozart kwa kuwa muziki wake unapendeza. Lakini usidhani kusikiliza kunafanya kazi ya kuimba.

"Tukinunua kinanda ndipo ataanza"

Hapana. Noti ya kinanda hugongwa na papo hapo inaanza kufifia, na sauti yake haifanani na ya koo. Mtoto mdogo huilinganisha sauti yake kwa urahisi zaidi na sauti ya mtu, hasa ya mtoto mwenzake au ya mwanamke. Kinanda ni kizuri baadaye. Simu inayopiga nyimbo ni duni zaidi ya kinanda, kwa sababu haisimami kumsubiri wala haipandi kumfuata.

"Hakuzaliwa na sikio kamili"

Kweli, na huenda wewe pia hukuzaliwa nalo, na mwalimu wake pia. Kutaja noti kwa kuisikia tu, bila noti nyingine ya kulinganisha, ni uwezo adimu. Hutajwa sana kuwa ni wa mtu mmoja katika 10,000, na wanamuziki wengi wanaoishi kwa kazi hii hawana. Tunachofundisha ni kusikia umbali kati ya noti na noti. Kila kwaya inayoimba kwa solfa ya do inayohama, yaani do-re-mi ambayo do yake inaweza kuwekwa kwenye noti yoyote, inaegemea hapo, na hapo panafundishika.

"Wimbo uleule tena? Mpe mpya"

Wazazi hulipia masomo, kisha juma la sita wanasikia nyimbo zile tatu za juma la kwanza, wanakunja uso. Naelewa. Ila muundo wa muziki umejengwa kwa vitu vinavyorudi. Ubeti unapita, kibwagizo kinarejea. Kiongozi anaita, waitikiaji wanajibu kwa maneno yaleyale. Sehemu ya A, ikaja B, ikarudi A. Mtoto hawezi kutambua kwamba kitu kimerudi kama hakukijua kwanza, na hawezi kushangazwa na B kama A bado ni ngeni kwake.

Kwa hiyo wimbo wa kwanza tunauimba hadi unakaa mwilini. Sehemu ya A tunatembea kwa duara. Ikiingia B tunasimama na kupiga makofi magotini. A ikirudi tunatembea. Mwanzoni wananitazama miguu wapate kujua lini waondoke. Kama juma la nne nageukia ukutani nisionekane. Baadhi wanachelewa hatua mbili au tatu, ila wapo wanaonyanyua mguu kabla A haijaanza, wameisikia ikija. Hao wameshauelewa muundo, na neno muundo hawajawahi kulisikia kinywani mwangu. Ndiyo maana mzazi akiniuliza lini nitaanza kuwaandikia noti ubaoni namjibu wazi kwamba bado sana. Herufi huja baada ya kuongea.

Juma lililopita niliimba na kundi la miaka 4 ngazi nzima: do, re, mi, fa, so, la, ti. Nikaishia hapo, kwenye ti, nikafunga mdomo na kuwatazama. Wakaanza kujigeuza mikekani. Mmoja akacheka cheka. Mwingine akasema, "Mwalimu, bado!" Nikaendelea kunyamaza. Ndipo kutoka nyuma, karibu na dirisha, yule wa mama yake aliyesema amemrithi babu, ambaye siku hizi huja mapema na kukaa hata na kundi la wadogo, akaiimba do ya juu, nyembamba, ndogo, mahali pake hasa.