Polo 1.2 ya cheni na Polo 1.2 ya belti

Muuzaji akikwambia "hii Polo ni 1.2 TSI" jua bado hajakwambia kitu, manake kuna injini mbili zenye jina hilo hilo, zote cc 1197, zote turbo, na ukizifungua ndani hazina undugu. Mimi ni fundi wa VW hapa Changamwe na hili swali la cheni ama belti (ile inayozungusha valvu ziende sawa na pistoni) naulizwa karibu kila siku, kwa hivo leo wacha niliandike.

Ya kwanza tunaiita CBZ, ndio iko kwenye Polo nyingi za 2010 mpaka kabla hazijabadilishwa sura 2014. Valvu 8, hosipawa 105, inavuta vizuri sana hata ukipanda Mazeras na watu watano ndani. Tatizo lake ni cheni. Inavutika, kikaza cheni kinachoka, na siku ikiruka meno pistoni zinapiga valvu, hapo unahesabu hedi nzima. Dalili utaisikia injini ikiwa baridi tu: unapiga stata, upande wa dereva kunalia kra-kra-kra sekunde mbili tatu halafu kimya. Ndio maana nawaambia watu, ukienda kuangalia gari mwambie mwenyewe asiiwashe kabla hujafika, na ukikuta bonet ina moto rudi kesho asubuhi.

Ya pili ni CJZ, ya 2014 kuja mbele. Valvu 16, belti, na zile za Japani zina hosipawa 90, sasa mtu akiona 90 anadhani amepunjwa. Hapana jamani, hii ndio ningemnunulia mamangu. Iko kimya, ina utaratibu, belti ukiikagua na kuibadilisha kwa wakati haina makuu. Angalia tu pampu ya maji iliyo upande wa gia boksi, nyumba yake na ya thamostati ni plastiki na huwa zinavuja.

Na kwa maji hapa Mombasa ndo tunaziua wenyewe. Visima vyetu vingi vina chumvi, bloku ni ya alumini. Kuna mteja aliongezewa maji ya kisima mahali kwa miezi, nilipofungua njia za maji nikakuta ukoko mweupe umeganda mpaka ndani ya redieta, niliumia wallahi. Weka kulanti yake, ukichanganya tumia maji ya distili basi.

Gia boksi ya hizo zote mbili kwa zile otomatiki za Japani ni DSG (otomatiki ya VW) ya gia 7, klachi mbili kavu, yaani hazikai ndani ya oili, na klachi kavu haipendi kutambaa. Kwenye foleni ya feri Likoni usisogee nusu mita nusu mita, kanyaga breki mpaka chini, ngoja nafasi ifunguke ndo uende.

Kuna na 1.4 isiyo na turbo, hosipawa 85, mzee mtulivu. Na kwa sababu ya sheria ya Kenya ya kutoingiza gari lililozidi miaka 8, zinazoshuka bandarini sai ni Polo za umbo jipya, nyingi ni 1.0 silinda tatu hosipawa 95, nayo ni ya belti.

Kujua yako ni ipi fungua buti, inua kapeti ya spea, kuna stika ya karatasi, tafuta herufi CBZ ama CJZ. Iangalie kabla hujatoa depositi.